Tết 2027 Vietnam: mfike lini, mpite wapi, na Ramadhani muipange vipi

Swali: Mimi na mke wangu tuko Mtwara, tunafanya biashara ya korosho. Mnunuzi wetu wa Vietnam, anayeishi Ho Chi Minh City, ametualika kwake kwa sikukuu ya Tết, yaani mwaka mpya wao, mwaka 2027. Tunaweza kupata wiki mbili na nusu, na tungependa kuona sherehe nyingine pia. Tunaonywa kwamba wakati huo kila kitu hufungwa na usafiri haupatikani. Sisi ni Waislamu, na tumeona Ramadhani inaangukia hapohapo. Twende, au tuchague sikukuu nyingine?

Jibu: Nendeni, ila mfike mapema kuliko mlivyopanga. Wageni wengi hukata tiketi ili wafike siku ya Tết yenyewe au siku moja kabla yake, na hapo ndipo safari inapoharibika. Tết ni sikukuu ya ndani ya nyumba. Pilikapilika zake za mitaani ziko katika siku kumi za mwisho za mwaka unaoisha: masoko ya maua, zawadi kupelekwa huku na huku, masufuria makubwa yakitokota vibarazani. Ikifika asubuhi ya siku ya kwanza, mji unanyamaza, maduka yamefungwa, na mgeni aliye hotelini bila mwenyeji hana cha kuona wala pa kula pa uhakika. Nyinyi mna mwenyeji, kwa hiyo kipande kigumu kuliko vyote kwa msafiri tayari mmekipata. Kilichobaki ni kukipanga na vile vingine viwili: wiki inayotangulia, na sherehe za vijijini zinazofuata.

Tuanze na tarehe. Tết ya 2027 ni Jumamosi, 6 Februari, na mwaka utakaoingia ni wa Mbuzi. Mmezoea Idi kurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Wavietinamu nao huhesabu miezi kwa mwezi wa angani, lakini huongeza mwezi wa kumi na tatu mara 7 katika kila miaka 19, ndiyo maana Tết haitoki kati ya 21 Januari na 20 Februari hivi. Tofauti nyingine ni kwamba wao hawangoji mwezi uandame. Mwezi wao huanza siku ile mwezi unapozaliwa kwa hesabu ya wanaastronomia. Mwaka 2027 utazaliwa tarehe 6 Februari karibu saa 5 usiku kwa saa za Hanoi, basi siku hiyo nzima ni ya kwanza ya mwaka wao. Waislamu watautafuta jioni ya tarehe 7, na mfungo unatazamiwa kuanza tarehe 8 au 9. Mwezi ni huohuo mmoja. Mkifikiri kuahirisha hadi 2028 hamtapata nafuu, kwa sababu Tết ya mwaka huo ni 26 Januari na mfungo unatazamiwa siku mbili tatu baadaye. Mwaka 2029 ndio tofauti: Tết ni 13 Februari, na Idi ya kufungua inatarajiwa siku hizohizo.

Angalizo moja kwa wanaopanga kwa kutazama kalenda za Kichina: mara nyingi siku ni ileile, lakini si kila mwaka. Vietnam hupiga hesabu kwa saa za Hanoi, ambazo ziko nyuma ya Beijing kwa saa moja. Mwezi ukizaliwa karibu na saa 6 usiku, nchi hizi mbili hutofautiana. Mwaka 2007 Vietnam ilisherehekea tarehe 17 Februari na China tarehe 18, na 2030 itakuwa 2 Februari kwa Vietnam, 3 Februari kwa China.

Sasa safari yenyewe. Fikeni Hanoi kabla ya Jumamosi ya 30 Januari. Siku hiyo ni ya 23 ya mwezi wao wa kumi na mbili, siku ya kuwaaga Ông Công na Ông Táo, walinzi wa meko na nyumba wanaoaminiwa kupanda mbinguni kutoa ripoti ya mwaka mzima ya familia. Husafiri kwa samaki, kwa hiyo kila familia hununua samaki wekundu wa bwawani waitwao cá chép, kwa kawaida watatu, huwaweka mbele ya madhabahu ya nyumbani, kisha huwapeleka ziwani au mtoni na kuwaachia. Ibada hii hutakiwa iishe kabla ya adhuhuri, na anayefika saa 9 alasiri hukuta mambo yameisha. Simameni ukingoni mwa ziwa Hồ Tây au kwenye daraja la Long Biên kuanzia saa 3 asubuhi. Darajani mtaona vijana wa kujitolea wakipokea samaki na kuwashusha mtoni kwa ndoo, kwa sababu watu walizoea kuwatupa kutoka juu pamoja na mfuko wa plastiki, samaki wakafa na mto ukachafuka.

Siku zinazofuata ni za masoko ya maua. Kaskazini ua la Tết ni la mpichi, la rangi ya waridi, na matawi yake hubebwa nyuma ya pikipiki pamoja na miti midogo ya vichungwa iliyopandwa kwenye vyungu. Soko la Quảng Bá, karibu na Hồ Tây, huuza usiku. Uzuri wake uko kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri, wakati malori yanashusha mzigo. Soko la mtaa wa Hàng Lược, katika mji mkongwe, ni la kabla ya Tết tu. Kwenu lina faida ya ziada, maana msikiti wa Al-Noor, uliojengwa na wafanyabiashara kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, uko mtaa huohuo. Mnatembea sokoni, mnaswali, mnarudi sokoni.

Msiondoke Hanoi bila kuona bánh chưng ikifungwa, maana hii ndiyo Tết ya kaskazini kwa mkono na kwa jicho. Ni mkate wa mraba, kama sentimita 20 kila upande kwa ile mikubwa. Mchele wa kunata hulowekwa usiku kucha, choroko zilizomenywa huchemshwa na kupondwa, na nyama ya nguruwe yenye mafuta hukatwa vipande. Majani mapana ya lá dong hupangwa ndani ya fremu ya mbao, upande wa kijani kibichi ukitazama mchele ili rangi iingie. Kisha mchele, choroko, nyama, choroko, mchele, na kamba za mwanzi juu. Ufundi uko kwenye kufunga. Ukikaza mno, mchele unakosa nafasi ya kuvimba na mkate unakuwa mgumu. Ukilegeza, maji yanaingia na mkate unachacha baada ya siku chache. Huchemka saa 10 hadi 12, na anayelinda sufuria huongeza maji ya moto, kamwe si ya baridi, kwa sababu joto likishuka katikati hubaki punje mbichi ambazo haziivi tena. Mwishoni mikate huoshwa na kukandamizwa kwa kitu kizito ili maji yatoke. Ipo bánh chưng chay, isiyo na nyama, na mahekalu hutengeneza nyingi. Tafuteni hiyo.

Kuhusu usafiri, onyo mlilopewa ni kweli kwa upande mmoja tu. Wiki mbili kabla ya Tết, mamilioni ya wafanyakazi wa viwanda vya Saigon (ndivyo wengi bado wanavyouita mji wa Ho Chi Minh) na mikoa jirani hurudi makwao katikati na kaskazini ya nchi. Treni na ndege za kutoka kusini kwenda kaskazini hujaa, na tiketi za treni za msimu huo huanza kuuzwa miezi mitatu au zaidi kabla. Treni zilezile zikirudi kusini zina viti vitupu, na shirika la reli mara nyingi hushusha bei. Baada ya Tết, kuanzia siku ya tatu au ya nne, mkondo hugeuka: wote wanarudi Saigon, na anayekwenda kaskazini anasafiri kwa raha. Basi pangeni safari yenu iende kinyume cha umati: Hanoi hadi Saigon kabla ya Tết, Saigon hadi Hanoi baada yake. Wenyeji waliofunzwa na miaka ya foleni wangefanya hivyohivyo kama nyumbani kwao kungekuwa upande huo.

Kuna kipande kimoja cha kuangalia. Hanoi nayo hutoa watu wengi kwenda Thanh Hóa na Vinh, ambako ni njia ya kusini, kwa hiyo siku tatu za mwisho behewa hujaa hadi Vinh. Ondokeni tarehe 1 au 2 Februari. Hanoi hadi Đà Nẵng ni kilomita 791, saa 16 au 17 kwa treni. Kateni vitanda vya chumba cha vitanda vinne, vya chini kama mke wako hapendi kupanda, maana cha juu hakina ngazi ya maana. Kutoka Đà Nẵng hadi Hội An ni kilomita 30 kwa gari. Treni haifiki huko. Laleni usiku mmoja au miwili katika mji huo mkongwe wa taa za karatasi, kisha ndege ya Đà Nẵng hadi Saigon tarehe 3 au 4.

Saigon ni joto la Mtwara, nyuzi 32 mchana, na ni kavu. Hanoi siyo. Mwishoni mwa Januari Hanoi huwa na nyuzi 15, usiku mmoja mmoja hushuka hadi 10, na manyunyu hayaishi. Hoteli za bei nafuu hazina joto la ndani. Bebeni sweta na koti, si shuka la Kimasai peke yake.

Kusini ua la Tết ni la manjano, hoa mai. Nendeni bến Bình Đông, gati la mfereji katika iliyokuwa wilaya ya 8, ambako mashua za maua kutoka delta ya Mekong hutia nanga siku za mwisho za mwaka. Mchana wa siku ya mwisho bei huporomoka, kwa kuwa ua lisilouzwa halina thamani kesho yake. Wanunuzi wengi huisubiri saa hiyo, na wakulima huumia. Kama mtanunua chungu cha kumpelekea mwenyeji, nunueni siku mbili kabla na mlipe bei ya haki. Barabara ya Nguyễn Huệ, katikati ya mji, hufungwa magari na kugeuzwa bustani ya maua yenye sanamu za mnyama wa mwaka. Desturi hiyo ilianza 2004, na hufunguliwa siku chache kabla ya Tết hadi siku ya nne au ya tano. Mchana ni kama tanuri na jioni ni kifua kwa kifua. Saa 12 asubuhi ndiyo saa ya kuiona na kupiga picha.

Mkesha ni Ijumaa, 5 Februari. Saa 6 usiku serikali hurusha fataki kwa robo saa hivi kutoka eneo la mto Saigon. Fataki za kulipua nyumbani zimepigwa marufuku tangu 1995, kwa hiyo msitarajie mitaa inayolipuka kama mlivyosikia kwa wazee. Ukingo wa mto hujaa kuanzia saa 2 usiku, pikipiki huzuiwa, na gari la programu ya simu baada ya fataki hupandisha bei au halipatikani kabisa. Chukueni hoteli iliyo umbali wa kutembea kwa mguu, dakika 20 zisizidi. Mkeo avae viatu vilivyofungwa: umati wote unaondoka kwa wakati mmoja na kukanyagana ni jambo la kawaida.

Tarehe 6 asubuhi msiende kwa mwenyeji wenu bila kuitwa. Nawaomba sana mlishike hili. Wavietinamu huamini kwamba mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya mwaka kuingia ndiye anayeleta bahati au mkosi wa mwaka mzima. Desturi hiyo huitwa xông đất. Familia nyingi humchagua mtu huyo mapema, kwa mwaka wake wa kuzaliwa, tabia yake na mafanikio yake, na akishaingia ndipo wengine hufuata. Mgeni anayejitokeza kwa nia njema saa 2 asubuhi huiweka familia katika hali ngumu, na biashara ikiyumba mwezi wa sita atakumbukwa. Pia kuna ratiba inayojulikana kwa methali: siku ya kwanza ni ya upande wa baba, ya pili ya upande wa mama, ya tatu ya mwalimu. Mwulizeni mwenyeji kabla: siku gani, saa ngapi. Kwa wageni wa kibiashara mara nyingi ni siku ya pili au ya tatu, na kwa ajili ya mfungo ombeni ya pili, Jumapili tarehe 7, ili mle mchana pamoja nao.

Zawadi hupelekwa kabla ya Tết, siyo siku yenyewe. Mkifika Saigon tarehe 4, mpelekeeni siku hiyohiyo, nyumbani au ofisini. Kapu la matunda, chai nzuri au boksi la biskuti ndiyo zawadi za kawaida. Kutoka nyumbani, khanga au kitenge cha nyekundu na manjano ni zawadi njema sana. Acheni kabisa chenye nyeusi na nyeupe, kwani hizo ni rangi za msiba na hazivaliwi wala kutolewa siku hizi. Visu, mikasi na chochote chenye makali pia hapana. Korosho zenyewe hamna haja ya kubeba. Mtazikuta mezani kwake, zimekaangwa, katika sinia la vitafunwa pamoja na mbegu za tikiti na matunda yaliyokaushwa kwa sukari, na huenda zimetoka kwenu.

Siku ya kuingia nyumbani, bebeni bahasha nyekundu, lì xì. Zinauzwa kila duka la vitabu kwa pakiti. Ndani weka noti mpya, zisizokunjwa. Kwa watoto wa jamaa waliokuja kutembea dong 20,000 au 50,000 zinatosha. Kwa watoto wa mwenyeji 100,000 ni heshima bila kujionesha. Wape pia wazazi wake wazee, na hao uwape kwa mikono miwili, ukiinamisha kichwa kidogo. Bahasha haifunguliwi mbele ya aliyetoa. Noti mpya hutoweka benki wiki ya mwisho, kwa hiyo zitafuteni Hanoi mapema mnapobadilisha fedha. Ndani ya nyumba vueni viatu, salimieni wazee kwanza, na sentensi moja, "Chúc mừng năm mới", inatosha kuchangamsha chumba. Madhabahu ya wahenga ipo sebuleni, na matunda, mikate na vijiti vya udi. Msiguse kitu juu yake, wala hamtalazimishwa kuwasha udi. Sakafu ikiwa na maganda ya mbegu msiinuke kusaidia kufagia. Siku hizo hakufagiwi, kwa kuwa inaaminiwa kwamba bahati hutoka na takataka. Kama mmefiwa na ndugu wa karibu ndani ya mwaka huo, mwambieni mwenyeji mapema naye aamue. Mwenye msiba kwa kawaida hatembelei nyumba za watu siku ya kwanza.

Chakula ndicho kitakachowapa kazi. Vyakula viwili vikuu vya Tết ya kusini ni nguruwe aliyepikwa taratibu na mayai katika maji ya dafu, na tango chungu lililojazwa nyama ya kusaga, ambayo pia ni nguruwe. Andikeni kwenye karatasi na mumtumie mwenyeji wiki mbili kabla: "Chúng tôi không ăn thịt heo và không uống rượu bia", yaani hamli nguruwe wala hamnywi pombe. Kusini husema heo. Hanoi badilisheni muandike lợn. Akijua mapema ataona fahari kuwapikia samaki na kamba. Akijua mezani ataona aibu, na mama yake ataanza kutoa nyama kwenye sahani kwa vijiti akidhani tatizo limekwisha. Kuna bánh tét, ndugu wa bánh chưng wa kusini, wa mviringo kama gogo, aliyefungwa kwa majani ya mgomba. Mwenye ndizi na maharage meusi ndani hana nyama. Matunda, achari za vitunguu na sinia la vitafunwa havina shida. Kwa pombe, kataeni mara ya kwanza kwa tabasamu na mkono kifuani, kisha gonganisheni glasi ya chai kila wanapogonganisha zao. Anayenywa glasi moja kwa haya hataachwa hadi ya kumi.

Nje ya nyumba hiyo, tafuteni migahawa yenye neno "chay". Ni chakula cha Wabudha kisicho na nyama wala mafuta ya mnyama, na siku ya kwanza ya mwezi wao watu wengi hula hivyo, kwa hiyo baadhi ya migahawa hii hufungua hata siku ya Tết. Msikiti wa mtaa wa Đông Du, katikati ya Saigon, uliojengwa 1935, una migahawa ya halali jirani yake. Mkichukua hoteli upande huo mmepata pa kuswali, pa kula na umbali wa kutembea hadi Nguyễn Huệ, vyote pamoja. Hata hivyo, kwa tarehe 5 hadi 7 wekeni akiba chumbani: tende, mikate, matunda, tambi za kuchemsha zisizo na nyama. Migahawa inayobaki wazi huongeza asilimia 10 hadi 20 kwenye bili, na ni halali mradi imeandikwa ukutani.

Mfungo ukianza, mna njia mbili, nami nawapendekezea ya pili kama afya inaruhusu. Ya kwanza ni kurudi nyumbani tarehe 8. Mtakuwa mmeona kiini cha Tết. Ya pili ni kupanda ndege kwenda Hanoi tarehe 9, kinyume cha mkondo, mkaone sherehe chache za kaskazini zinazokubaliana na mtu aliyefunga. Hanoi ni baridi na saumu ni saa 13 hivi, si mateso. Jumatano tarehe 10, siku ya tano ya mwaka wao, kuna sherehe ya Gò Đống Đa ndani ya mji wenyewe, kukumbuka ushindi wa mfalme Quang Trung dhidi ya jeshi la Qing kutoka China mwaka 1789. Kuna ngoma, bendera na joka linalobebwa, asubuhi, dakika chache kutoka mji mkongwe.

Kisha Ijumaa tarehe 12 usiku, soko la Viềng, kama kilomita 90 kusini mwa Hanoi, eneo la Nam Định. Hukutana usiku mmoja tu kwa mwaka, kuamkia siku ya nane. Watu huja kununua bahati: jembe, kisu, mche wa mti, chungu kizee. Hawabishani sana bei, kwani kubishana ni kuitia nuksi bidhaa. Ni soko la usiku, kwa hiyo mnafuturu kwanza halafu mnaingia. Njia hukwama vibaya baada ya saa 3 usiku. Kodini gari lenye dereva, mfike kabla ya magharibi mkiwa na futari yenu. Nyama inayokaangwa pale ni ya ndama, lakini haijachinjwa kwa utaratibu wenu.

Mkiweza kuongeza siku juu ya wiki zenu mbili na nusu hadi Alhamisi tarehe 18, sherehe ya Lim huko Bắc Ninh, mwendo mfupi kutoka Hanoi, ina nyimbo za quan họ, za kujibizana kati ya wanaume na wanawake, zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2009. Kilimani vipaza sauti vya mabanda hupigana vyenyewe kwa vyenyewe. Nendeni kwenye ziwa, ambako waimbaji huimba kutoka mashuani, mapema asubuhi. Chùa Hương, hija maarufu inayofunguliwa tarehe 11, iacheni safari hii: saa moja ya mashua na kupanda mlima mkiwa mmefunga, katika umati wa siku za mwanzo, hakuna faida. Na usiku wa mihuri, wa karatasi zenye muhuri wa bahati, kwenye hekalu la Trần, Nam Định, tarehe 19, sishauri mgeni yeyote aende. Watu hukanyagana kweli.

Kama baada ya haya yote mtaona Tết ni nzito, nafasi ya pili naipa Tết Trung Thu, sikukuu ya watoto ya mwezi mpevu wa nane: 15 Septemba 2027. Siyo siku ya mapumziko, hakuna kinachofungwa, na sherehe yote iko barabarani: taa za nyota, ngoma ya simba, mtaa wa Hàng Mã Hanoi na wa Lương Nhữ Học Saigon. Usiku mbili tatu kabla ndipo panapochangamka zaidi; fikeni saa 11 jioni na mlinde mifuko. Keki za mwezi mara nyingi zina mafuta ya nguruwe, hata zile za choroko, basi nunueni zilizoandikwa chay. Usiku mmoja kabla yake Hội An huzima taa za umeme za mji mkongwe, jambo linalofanyika kila usiku wa 14 wa mwezi wao.

Visa ya mtandao hutolewa na serikali ya Vietnam kwa raia wa nchi zote tangu Agosti 2023: siku 90, dola 25 kwa kuingia mara moja. Kwa maandishi ni siku tatu za kazi, lakini ofisi hufungwa wiki ya Tết na maombi hurundikana kabla yake, hivyo ombeni mwanzoni mwa Januari. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na jina la kati, na mchague uwanja wa ndege mtakaoingilia, yaani Nội Bài, Hanoi. Tarehe ya kuanza visa isiwe baada ya siku mnayotua, maana shirika la ndege litawazuia Dar es Salaam. Hoteli ya Saigon ya tarehe 4 hadi 8 na ndege ya tarehe 9 zikateni kufikia Oktoba. Vingine vyote vinaweza kungoja Desemba.